Jani la Mwembe kwa Baba Aliye Mbali

Mama mmoja wa askari, ambaye amekwisha kutuandikia katika ukurasa huu zaidi ya mara moja, ametuletea swali ambalo nimelibeba kichwani kwa muda wa majuma mawili. Anasema kwamba watoto wake watatu wamefunga shule, nyumba ni chumba kimoja, na michezo yote waijuayo imekwisha kuwachosha wao na majirani. Amepata kitabu cha kazi za mikono kilichochapishwa Ulaya, nacho kinamwelekeza mzazi awatoe watoto nje wakaokote majani mekundu na ya manjano yaliyoanguka chini ya miti, wayakaushe ndani ya vitabu, kisha wayatumie kutengeneza kadi na mapambo. "Nimetoka nje," anaandika, "nimeona vumbi, kuku wa jirani na mwembe. Je, kazi hii ni ya watoto wa Wazungu tu?"

Jibu ni hapana. Lakini ili mama huyo asiwatafutie watoto wake kitu kisichokuwapo, yafaa kwanza tueleze picha zile zinatoka wapi.

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kati ya mwezi wa Septemba na Novemba, mchana huzidi kuwa mfupi na baridi hukaribia. Miti mingi huko huacha kutengeneza ile rangi ya kijani iitwayo klorofili, ambayo kwayo jani hupika chakula chake kwa nguvu ya jua. Mti huivunja klorofili iliyobaki, hurudisha ndani ya matawi na shina vile vyenye faida, ndipo huliachia jani lianguke. Rangi ya manjano haiji wakati huo. Ilikuwamo ndani ya jani siku zote, ila ilifunikwa na kijani. Nyekundu ndiyo mgeni, kwa kuwa aghalabu hutengenezwa katika siku zile za mwisho, hasa kukiwa na jua mchana na ubaridi usiku. Majira hayo vitabu vya shule hupenda kuyaita vuli, neno ambalo kwa wenzetu wa pwani ni jina la mvua fupi za mwisho wa mwaka. Hivyo mtoto wa Mombasa akisoma kwamba wakati wa vuli majani hukauka na kupukutika, ana haki ya kumshangaa mwalimu wake.

Nakiri kwamba nami niliwahi kudhani kuwa jani zuri ni la Ulaya. Nilipokuwa chuoni nikisomea cheti cha ualimu, tulitakiwa kutayarisha vifaa vya kufundishia majira ya mwaka. Nilichuma majani thelathini ya mwembe yaliyokomaa, nikayapaka rangi nyekundu kwa brashi mpaka usiku wa manane. Kesho yake, katika darasa la mazoezi, mtoto mmoja wa darasa la pili aliyatazama kwa muda, akatoka nje bila ruhusa, akarudi na tawi la mwembe uleule lenye majani machanga, mekundu ya asili, laini kama kitambaa. Akauliza kwa nini mwalimu amepaka rangi. Sikuwa na jibu, na alama nilizopewa siku ile sitazitaja hapa.

Mtoto yule alikuwa ameona jambo ambalo mimi, niliyezaliwa chini ya miembe, sikuwahi kulitazama. Huko kwa wenzetu jani huwa jekundu linapokufa. Kwetu, mwembe una majani mekundu yanapozaliwa. Jani changa la mwembe hutoka likiwa na rangi ya shaba, likining'inia kama lililochoka, kisha hukomaa taratibu na kuwa la kijani. Wako wataalamu wanaosema kwamba wekundu huo hulikinga jani changa na jua kali, na wako wanaosema kwamba huwapoteza wadudu. Vilevile ule mti wa Acholi na Lango unaotupatia mafuta ya shea hupukutisha majani yake wakati wa kiangazi, nao ukichipua tena majani yake machanga huwa na wekundu wa kutu. Mvule nao hupukutisha majani. Mpera hutoa majani yaliyozeeka yenye wekundu na madoa, na ni nadra kupata mawili yanayofanana. Na msomaji aliyewahi kukaa pwani ataukumbuka mkungu, ambao majani yake mapana hugeuka mekundu kabisa kabla ya kuanguka, bila baridi wala theluji. Basi tofauti ni kwamba kwetu miti haikubaliani kubadilika siku moja. Yatubidi kuitazama mmoja mmoja, na hiyo ni kazi nzuri kwa mtoto aliyefunga shule.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Majani yachumwe umande ukiwa umekwisha kukauka, yapata saa nne asubuhi au baadaye, na kamwe yasichumwe mara tu baada ya mvua, maana jani lililolowa litaota ukungu kabla ya kukauka. Chagueni majani membamba. Jani nene lenye maji mengi ndani yake litaoza katikati huku kingo zikikauka. Jani la muhogo lafaa sana kwa umbo lake la mkono ulionyoosha vidole. Majani ya jakaranda hukauka vizuri, ingawa vijani vyake vidogo hupukutika usipokuwa mwangalifu. Kangaga la kando ya mto hutoa umbo la unyoya. Na kama kuna bogenvilia kwenye ua wa ofisi, ombeni ruhusa mchukue machache, kwa sababu yale tunayoyaita maua ya bogenvilia kwa kweli ni majani; ua lenyewe ni lile dogo jeupe lililo katikati. Majani hayo ni membamba kama karatasi tangu yakiwa mtini, na rangi yake hudumu kuliko ya mengine mengi.

Karatasi bora ya kukaushia ndiyo hii uliyoishika mkononi, bila shaka baada ya kuisoma. Karatasi ya gazeti hunyonya maji. Ile inayong'aa ya majarida ya picha hainyonyi. Msidhani huu ni ubahili wa nyumbani. Wataalamu wa mimea, pamoja na wale wanaotunza hazina ya mimea iliyokaushwa katika Chuo Kikuu cha Makerere, hukausha mimea yao kati ya magazeti, na kazi hii ni ya zamani sana: huko Italia yapo majani yaliyokaushwa hivyo katika karne ya 16 ambayo bado yanatazamwa hadi leo.

Tandikeni tabaka la magazeti manne au matano. Pangeni majani yasigusane, wala moja lisilale juu ya jingine. Funikeni kwa magazeti mengine, pangeni safu ya pili, na kuendelea. Juu kabisa wekeni ubao, na juu ya ubao lile sanduku la bati la mwenye nyumba, pamoja na vitu vyake ndani. Hakuna nyumba ya askari isiyo na sanduku hilo, nalo kwa kazi hii ni bora kuliko mawe, kwa kuwa uzito wake umeenea sawasawa.

Hapa ndipo wengi hushindwa: baada ya kuweka sanduku, husahau. Magazeti hayana budi kubadilishwa kila siku kwa siku tatu au nne za kwanza, maana yamenyonya maji ya jani, na yakiachwa yatamrudishia mwenyewe kwa namna ya ukungu na weusi. Yale yaliyolowa yaanikwe juani yatumike tena. Baada ya hapo acheni kwa siku kumi hivi. Jani lililokauka sawasawa hujulikana kwa njia mbili: ukilishika kwa kikonyo halilegei, na ukiligusisha shavuni husikii ubaridi. Jaribio hili la shavu watoto hulipenda mno, na watataka kulifanya mara ishirini kwa siku, waacheni.

Neno moja kwa wakaao ndani ya unipoti, ile nyumba ya bati ya mviringo ambayo watu wameipa jina la "mama ingia pole". Mimi nimelelewa ndani yake na naijua. Mchana joto lake litakukaushia majani upesi kuliko nyumba ya matofali, lakini alfajiri bati hutoa jasho, na matone hutiririka ukutani. Kwa hiyo wekeni mzigo wenu katikati ya chumba au juu ya matofali mawili, si kando ya bati.

Aliye na haraka aweza kutumia pasi. Jani liwekwe kati ya karatasi mbili nyeupe, pasi iwe na moto wa kiasi, ikandamizwe kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, iinuliwe, na irudiwe mara kadhaa. Kazi hii ni ya mtu mzima. Kama ni pasi ya mkaa, itoeni majivu kwanza.

Kabla ya kuwatuma watoto nje, nawasihi wazazi watembee nao siku ya kwanza. Mnyaa, ule unaopandwa kuwa ua na ambao ukikatwa hutoa maziwa meupe, usiguswe kabisa. Utomvu wake ukiingia jichoni waweza kuleta madhara makubwa. Lile jani jekundu la Krismasi nalo lina maziwa yanayowasha, hivyo lichumwe na mkubwa, tena kwa kitambaa. Oleanda ya bustanini ni sumu, majani na maua yake. Upupu kila mtoto wa kijijini anaujua, lakini mtoto aliyezaliwa kambini mjini huenda hajapata kukutana nao. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi. Na mtoto akiona nyasini kitu cha chuma asichokijua, akiache hapohapo, arudi kumwita mkubwa. Katika nyumba za wasomaji wa gazeti hili sina haja ya kueleza zaidi.

Gundi haihitaji kununuliwa. Chukueni kijiko kimoja cha unga wa muhogo na vijiko sita au saba vya maji baridi, korogeni mpaka pasiwe na madonge, ndipo mweke motoni huku mkikoroga hadi uwe mzito na wa kung'aa. Ukipoa, pakeni kidogo sana nyuma ya jani kwa ncha ya kidole, libandikeni, na lirudi chini ya sanduku usiku mmoja ili lisijikunje. Gundi hii haikai. Pikeni ya siku moja tu, la sivyo mende watajikaribisha.

Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, ambaye vidole vyake huvunja jani kavu, wekeni jani bichi chini ya karatasi nyembamba, mishipa yake ikitazama juu, kisha asugue juu ya karatasi kwa penseli iliyolazwa. Mishipa itatokea yote, na yeye ataona kama miujiza.

Wakubwa zaidi waweza kutengeneza wanyama. Jani la mpera ni samaki tayari. Huhitaji kuongeza ila mkia. Korongo mwenye taji, ndege wa taifa letu, hutengenezwa kwa jani pana la mviringo kuwa mwili, kijiti cha unyasi kuwa shingo, suke kavu la nyasi kuwa taji, na kipande kidogo cha bogenvilia nyekundu chini ya kidevu, maana korongo huyo ana kishavu chekundu kooni. Binti yangu alimpa korongo wake miguu mitatu. Nilipomuuliza, akanieleza kwamba mmoja ni wa akiba, kama gurudumu la gari. Mwalimu aliyemo ndani yangu alitaka kumsahihisha. Mama akamkanya mwalimu anyamaze.

Kadi, samaki na korongo ni vitu vya siku moja. Liko jambo jingine la kufanya kwa majani haya ambalo nalithamini zaidi, nalo ndilo lililonifanya nisite majuma mawili kabla ya kujibu barua ya mama yule.

Mwaka 1999 baba yangu, aliyekuwa polisi, alipelekewa kazi kaskazini, wakati huko kulikuwa na vita. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na umri wa mwaka mmoja. Baba alikuja likizo mara mbili kwa siku chache, usiku, mtoto akiwa amelala. Mwaka 2001 aliporudi moja kwa moja, mimi nilimpokea mfuko wake mlangoni. Mdogo wangu alijificha nyuma ya mama, akamchungulia kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia: "Huyu askari ataondoka saa ngapi?"

Baba alicheka. Wageni wote walicheka. Lakini usiku ule nilimsikia akitoka nje, na hakurudi ndani kwa muda mrefu. Ilichukua karibu mwaka mzima mdogo wangu kumwita baba bila kusukumwa. Mama yangu alikuwa amefanya yote aliyoyajua: alimwonyesha mtoto picha, alimwambia kila siku kwamba baba yuko kazini. Ila kwa mtoto mdogo, "kazini" ni mahali pasipo na umbo, na picha moja ukutani huwa kama kalenda. Baada ya siku chache jicho huacha kuiona.

Nyumba nyingi zinalijua jambo hili. Tangu askari wetu wa kwanza walipokwenda Somalia mwezi wa Machi 2007 chini ya Umoja wa Afrika, familia nyingi za makambini zimejifunza maana ya mwaka mzima na mzazi mmoja, na si baba tu wanaokwenda, hata kina mama wamekwenda. Siku hizi kuna simu, nayo ni neema kubwa. Lakini wazazi watakubaliana nami kwamba mtoto wa miaka mitano akipewa simu azungumze na baba yake hujibu "ndiyo", "hapana", "sijambo", kisha huikabidhi na kukimbia. Hakosi mapenzi, amekosa cha kusema.

Mwaka 2022 jirani yangu mmoja, ambaye mumewe alikuwa amepelekwa nje ya nchi, alinilalamikia jambo hilohilo kuhusu binti yake wa miaka mitano. Nikamshauri waanze kitabu cha majani. Kila Jumapili mtoto atachagua jani moja, moja tu, kwa ajili ya baba. Litakaushwa, litabandikwa katika ukurasa wake, na mama ataandika chini yake maneno ambayo mtoto mwenyewe atayasema. Majani hayakupelekwa kokote, maana sheria za nchi nyingi hukataza mimea kuvuka mpaka bila cheti. Yalikuwa ya kumsubiri baba nyumbani. Ila Jumapili jioni, simu ikipatikana, mtoto alimweleza baba jani la juma hilo. Jani la tatu au la nne, sikumbuki vizuri, lilikuwa la mpera lenye tundu. Mtoto alizungumza juu ya tundu lile kwa muda ambao mama yake alihofia salio la simu: mdudu gani alilila, kwa nini hakumaliza, alikwenda wapi.

Baba alirudi mwaka 2023. Nilikuwapo, maana majirani tulikwenda kumlaki. Sitaki kuwadanganya wasomaji: mtoto hakumkimbilia. Alisimama mlangoni ameshika kitabu kifuani. Baba, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, alikaa mkekani bila kuvua viatu, akasema, "Nimekuja kumtafuta yule mdudu wa mpera. Yuko wapi?" Mtoto akakaa upande wa pili wa mkeka, akafungua ukurasa wa kwanza, si ule wa mpera, alitaka waanze mwanzo, kwa utaratibu. Sisi tulinywa chai. Nilipoaga, walikuwa bado hawajamaliza, na mtoto alikuwa amekwisha kuegemea goti la baba yake ili aone vizuri ukurasa ambao ameuona mara mia.

Askari na jani si jambo geni katika dunia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ile ya 1914 hadi 1918, askari wa Ufaransa waliokuwa wakiishi katika mahandaki walikuwa na desturi ya kuchukua jani la mwaloni au la mti mwingine mpana, wakalifunika sehemu kwa herufi, kisha wakaligongagonga kwa brashi taratibu mpaka nyama ya jani ikatoka yote na kubaki wavu wa mishipa. Sehemu zilizofunikwa zilibaki nzima, nazo zilisomeka: jina la mke, au neno la Kifaransa lenye maana ya ukumbusho, au jina la mahali pa vita kama Verdun. Majani hayo waliyapeleka nyumbani ndani ya barua, na baadhi yake yamehifadhiwa hadi leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye. Afande aliye na subira na brashi ya viatu isiyo na rangi aweza kujaribu. Mimi nimejaribu kwa jani la fenesi nikatoboa matatu kabla ya kufaulu moja.

Kitabu chenyewe si kigumu kutengeneza. Chukueni karatasi nene, au hata boksi la sabuni lililokatwa sawasawa, zitobolewe kando na kufungwa kwa kamba, si kushonwa, ili kurasa ziongezwe. Kila ukurasa uwe na jani moja, tarehe, mahali lilipochumwa, jina la aliyelichuma na sentensi yake. Msiisahihishe sentensi hiyo. Kama mtoto amesema jani linanuka kama mwalimu mkuu, iandikwe hivyo. Waulizeni majirani jina la mti kwa lugha zao na kuliandika nalo. Kambi ni mahali pekee ambapo mtoto aweza kupata majina manne ya mti mmoja bila kuvuka barabara.

Jalada zuri kuliko yote ni kipande cha nguo ya magome ya mutuba, ile ya Baganda, ambayo utengenezaji wake uliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu. Vipande vidogo vilivyobaki kwa mafundi havina bei kubwa. Mwelezeni mtoto kwamba mti huo haukukatwa: fundi humenya gome, hulifunika shina kwa majani ya mgomba, na mti huota gome jipya.

Familia inayohamishwa ina faida hapa, pengine ndiyo faida yake pekee. Mtoto wa polisi aliyekaa Arua, kisha Soroti, kisha Mbarara, ana kitabu chenye miti ambayo mtoto wa nyumba isiyohama hana. Mimi nilihama vituo vinne kabla ya darasa la saba, na sina hata jani moja.

Kitabu kikaushwe kivulini mara moja kwa mwezi, maana jua kali hula rangi. Majani machache makavu ya mwarobaini ndani ya sanduku husaidia kufukuza wadudu. Rangi nyekundu ya jani changa la mwembe ndiyo ngumu kuliko zote kuihifadhi. Hugeuka ya kahawia upesi likikawia kukauka. Kwa hiyo, mama uliyetuandikia, nakushauri uanze na mwembe wako uliosimama pale penye kuku, uchume majani machache tu ya ncha wakati yamekwisha kutanuka lakini bado yana rangi ya shaba, na magazeti uyabadilishe usiku uleule wa kwanza kabla hamjalala, bila kusubiri asubuhi.

Juma lijalo tutawajibu wale walioandika juu ya maharage yanayotobolewa ghalani.